Aliyemlaza Mbuzi Kitandani

Mwalimu Mkuu hakuwahi kusema uongo, na alijivunia jambo hilo kama wengine wanavyojivunia urefu au sauti nzuri. Kabla ya kukabidhiwa shule alifundisha hesabu, na wanafunzi wake wote walijua kwamba jibu ama ni sahihi ama si sahihi, katikati hapana kitu. Kwa hiyo watoto walipomzunguka uwanjani na kumuuliza kama ni kweli alimlaza mbuzi kitandani mwa shangazi yake, alikuwa na jibu moja, ambalo kwa miaka mingi alilichonga mpaka likakaa sawa.

"Kitabu kinasemaje?" huwauliza.

"Kinasema ulimlaza."

"Basi mmeshasoma."

Kisha huondoka taratibu, mikono nyuma, vicheko vikimfuata. Hakuwa amemdanganya mtu. Alikuwa ameuliza swali, na kuthibitisha kwamba shuleni kwake watoto wanajua kusoma.

Kitabu hicho, pamoja na vingine vilivyokifuata, kiliandikwa na mama yake, ambaye wasomaji wadogo walimwita Bibi wa Vitabu mpaka jina lake halisi likabaki la kusainia tu. Hakuwa mwandishi wa kukaa akisubiri sifa. Kila hadithi aliisoma kwanza kwa sauti kwenye ngazi za nyuma ya nyumba, mbele ya watoto wa majirani, na ukurasa ambao mtoto aliinuka katikati yake kwenda kujisaidia aliukata wote. Kilichobaki kilikuwa Kibiriti, mvulana mwembamba ambaye akiguswa kidogo tu anawaka. Kibiriti alimvisha mbuzi kitambaa cha kichwa na kumfunika shuka kitandani mwa shangazi. Kibiriti alimfungia shangazi huyo huyo stoo, akaenda sebuleni kuwaambia wageni, "Shangazi amesafiri. Kurudi kwake ni majaliwa." Mtoto asiyeijua sentensi hiyo alikuwa bado hajaanza shule. Na kwa kuwa mchoraji aliazimwa picha ya mwana wa mwandishi, masikio yale yaliyosimama kama vipini vya kikombe yalimaliza ubishi. Kibiriti ni Mwalimu Mkuu.

Hakuwa yeye. Utotoni Mwalimu Mkuu alikunja nguo zake mwenyewe, alikula alichopewa, na siku moja alipochelewa shule alilia mpaka mwalimu wa zamu akambembeleza. Vituko vyote vya vitabuni vilikuwa vya dada yake, aliyesomea sheria, akawa jaji, na akakaa mahakamani umri mzima bila mtu kushuku kwamba mkono uliosaini hukumu zile ndio uliomfunga mbuzi kitambaa kichwani.

Sasa mama alikuwa amefariki, nyumba yake inageuzwa maktaba ya watoto, na mtafiti aliyekuwa akiandika maisha yake alitarajiwa asubuhi hiyo. Darasa la tatu la Mwalimu Mkuu nalo lilikuwa njiani, likaribishwe kabla ya wengine wote. Ndugu hao wawili walikuwa jikoni wakisubiri maji yachemke.

"Nimestaafu," alisema dada. "Nataka mbuzi wangu."

"Dada, yule mbuzi alikufa zamani."

"Usinifanye mtoto. Unajua ninachodai."

Alijua. Akapangusa meza iliyokwisha panguswa.

"Ulikuwa unasema hutaki kujulikana," alisema.

"Nilikuwa jaji. Ningemfunga mtu kwa kuiba asali, halafu anionyeshe ukurasa ambao Kibiriti anaiba asali? Leo sina mshtakiwa wala koti jeusi. Mtafiti akija namweleza. Watoto wako wakifika nawaeleza nao, tena kwa vitendo."

"Wewe huna haja ya sifa hizo."

"Na wewe unayo ya nini?"

Mwalimu Mkuu alifikiri kabla ya kujibu, kama kawaida yake. "Mtoto akiitwa ofisini kwangu huingia akitetemeka. Anaona masikio yangu, anakumbuka mbuzi, mabega yanashuka. Ndipo anasema ukweli. Wakijua sikuwa mimi, nitabaki mwalimu wa hesabu."

"Si ndivyo ulivyo?"

"Ndivyo nilivyo. Ndiyo maana nasema."

Dada alimtazama, akageuka kuzima jiko. "Nilimuuliza mama kwa nini aliandika mvulana. Nilikuwa nimenuna wiki nzima. Nikamwambia kazi nimefanya mimi, sifa anapewa huyu anayekunja soksi. Unajua alinijibu nini? 'Wewe unavyo vituko, na vingine utafanya. Mwenzako hana hata kimoja. Acha nimpe.'"

"Mama alisema hivyo?"

"Bila kuinua macho kwenye mashine ya kuchapa. Kama mtu anayempa mtoto sweta la dada yake."

"Na leo unataka kunivua."

"Sweta ni langu, mdogo wangu. Mimi pia nasikia baridi."

Mlango ukabishwa.

Mtafiti alikuwa mwanamke kijana, mwenye viatu vya kutembelea na utepe wa kupimia kiunoni, na hakuamini kitu alichosimuliwa na mtu mmoja. "La shahidi mmoja naliita kumbukumbu," aliwaambia hata kabla ya kukaa. "La mashahidi wawili naliita tukio. Kitabu changu ni cha matukio." Mwalimu Mkuu angempenda sana siku nyingine yoyote.

Nyuma yake waliingia watoto wa darasa la tatu, wawili wawili, wakaketi juu ya zulia la sebuleni huku mwalimu wao wa darasa akiwahesabu vichwa. Waliyaangalia masikio ya Mwalimu Mkuu, wakakanyagana miguu kwa furaha.

"Tunasubiri hadithi, Mheshimiwa," mwalimu wa darasa alimwambia jaji. "Watoto wameahidiwa."

"Nakuja. Nimwonyeshe huyu stoo kwanza."

Stoo ilikuwa mwisho wa ukumbi mwembamba, chumba chenye rafu pande mbili na dirisha dogo mkabala na mlango, lenye fimbo za mbao badala ya nondo. Mlango wake mzito ulikuwa na ufunguo uliokaa kwa nje tangu enzi za shangazi. Mwalimu Mkuu alibaki mlangoni. Dada aliingia kama mwenye nyumba.

"Kitabuni Kibiriti anachukua chupa ya asali na kutokea dirishani," mtafiti alisema akinyoosha utepe. "Nafasi hii haimtoshi mtoto. Nilidhani ni chumvi ya mwandishi."

"Shika fimbo ya kati. Izungushe kulia. Sasa ivute."

Fimbo ilichomoka mkononi mwa mtafiti kama kizibo.

"Mama alikataa kuliandika hilo," alisema dada. "Hakutaka kufundisha wezi."

Mtafiti alipima upya, akairudisha fimbo, akamgeukia Mwalimu Mkuu. "Huyu ni shahidi wa kwanza. Mwalimu, unathibitisha kwamba alikuwa yeye?"

Safari hii mbele yake hakukuwa na watoto wa kuulizwa kitabu kinasemaje. Jibu lilikuwa ama sahihi ama si sahihi.

"Nathibitisha," alisema.

"Na mbuzi?"

"Na mbuzi."

"Na kumfungia shangazi humu?"

"Ni yeye. Mimi nililia kwa niaba ya shangazi."

"Wewe ulifanya lipi, basi?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

Alitafuta kwa uaminifu. "Niliwahi kurudisha kitabu cha maktaba kina doa la chai."

"Hilo tunaweza kuliacha," mtafiti alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma. Angecheka ingekuwa nafuu.

"Haya, limekwisha," dada alisema. "Rudia kipimo cha upana, halafu twende kwa watoto." Wote wawili wakageukia dirisha, mmoja ameshika mwanzo wa utepe na mwingine mwisho wake.

Kutoka sebuleni ilisikika sauti nyembamba ikiuliza, "Kibiriti kaenda wapi?"

Mkono wa Mwalimu Mkuu ulifika kwenye ufunguo kabla yake mwenyewe. Aliuvuta mlango, akazungusha, akauchomoa ufunguo na kuutia mfukoni. Alisimama kidogo kujichunguza. Moyo ulikuwa ukienda kama wa mtu aliyepanda ghorofa. Zaidi ya hapo hakuona hitilafu yoyote, ila miguu ilikuwa miepesi isivyo kawaida ikimrudisha sebuleni.

"Mwalimu Mkuu," aliuliza mwalimu wa darasa, "Mheshimiwa jaji yuko wapi? Muda unakwenda."

Watoto wote walimtazama. Alitia mikono nyuma.

"Dada yangu," alisema, "amesafiri."

Msichana wa mbele, asiye na meno mawili ya juu, ndiye aliyethubutu kuuliza, kwa sauti ya mtu anayegusa maji kwa kidole:

"Kurudi kwake?"

"Ni majaliwa."

Wakati huo huo mlango wa stoo ulipigwa ngumi, na sauti ya mwanamke ikaita, "Tufungulieni huku."

Kelele zilizofuata zilimfanya mwalimu wa darasa ashike kichwa. Watoto waliinuka kwa pamoja wakamiminika ukumbini, na Mwalimu Mkuu, ambaye miaka yote alikataza kukimbia ndani ya jengo, alikimbia akawahi kusimama mbele ya mlango, mikono ameitandaza.

"Nani yumo humo?" waliuliza.

"Panya."

"Panya anasema tufungulieni?"

"Panya wa nyumba hii wamesoma."

Aligundua kwamba uongo wa pili ulikuwa mwepesi kuliko wa kwanza, akajiwekea akilini kwamba wanafunzi waliomwambia hivyo ofisini walikuwa wakisema kweli.

Ndani, vishindo vya mlangoni viliendelea. Mwalimu Mkuu alitega sikio. Ilikuwa mikono ya mtu mmoja tu. Dada yake alikuwa bado mwembamba kama utotoni, na fimbo ile haikuwahi kumshinda.

"Hodi," mtu aliita kwenye mlango wa mbele.

Watoto waligeuka. Jaji mstaafu alikuwa amesimama kizingitini, utando wa buibui begani, kiatu kimoja mkononi, gauni limechanika kiwiko. Alipumua kwanza. Mwalimu Mkuu alishusha mikono. Alijua anachostahili. Dada angetamka neno moja tu, na dirisha likaonyeshwa, kila kitu kingekuwa kimekwisha, na watoto wangemfuata yeye bustanini wakaone fimbo inavyochomoka. Dada yake alikuwa na ushahidi wa kutosha kumfunga mtu yeyote.

Jaji aliwatazama watoto, akayatazama masikio ya mdogo wake, yaliyokuwa yamewaka mekundu. Huenda ilikuwa mara ya kwanza kufanana hasa na yale ya kitabuni.

"Karibu," alisema Mwalimu Mkuu.

"Samahanini, nimechelewa," alisema dada. "Nilikuwa safarini. Njia mbovu, na siku hizi wanapitisha watu wazima kwenye milango ya paka."

Watoto walipiga makofi, miguu na kuta. Msichana mwenye pengo alimshika Mwalimu Mkuu mkono bila kuomba ruhusa.

Mtafiti aliacha kugonga. Sauti yake ilipita chini ya mlango, tulivu kabisa. "Mwalimu, hili nitaliandika."

"Andika," alijibu. "Hili nimelifanya mimi."

"Itabidi nipate shahidi wa pili."

"Nipo," alisema jaji, akivaa kiatu. "Naapa."

Mwalimu Mkuu alitia mkono mfukoni kutafuta ufunguo, akautafuta kwenye mfuko wa kushoto, kisha wa koti, huku akijua vizuri kwamba uko kwenye wa kulia. Watoto walikuwa wakimhesabia mifuko kwa sauti. Dada alimsogelea kana kwamba anamtengeneza kola, akamnong'oneza sikioni:

"Stoo nakuachia. Mbuzi hapana."