Vidole vya Sayyida

Asubuhi moja ya mwezi wa Februari, mwaka 1967, Mahbuba bint Thani alikuwa akiwafuta vumbi wanasesere wake kwa kitambaa kibichi, kama alivyofanya kila siku baada ya kunywa chai, akakuta udongo kwenye kucha za Sayyida. Sayyida alikuwa mwanasesere wa kauri kutoka Bombay, mwenye nywele za kweli na viatu vya kitambaa cheupe. Viatu navyo vilikuwa na matope. Mahbuba alimtazama yule wa mbao kutoka Ngazija, akamtazama na yule wa plastiki aliyenunuliwa Darajani, Unguja, akaona wote wana udongo viganjani. Aliteremka kuchukua maji, akawaosha mikono mmoja mmoja, akawarudisha kwenye rafu. Halafu akaenda kuchambua mchele.

Yeye na mumewe, Harub, walifika Maskati mwaka 1964, baada ya mapinduzi ya Unguja, wakiwa na sanduku moja. Njia nzima Harub alidhani limejaa nguo. Lilipofunguliwa, ndani walikuwamo wanasesere ambao Mahbuba alikuwa akiwakusanya tangu usichana wake. Harub hakuweza kumlaumu, kwa sababu yeye mwenyewe kitu pekee alichochukua kilikuwa funguo za nyumba waliyoiacha. Watoto hawakujaliwa. Walipokewa na Marhoon, kaka mkubwa wa Harub, aliyekuwa amerudi Oman zamani baada ya kufanya biashara Unguja kwa miaka mingi. Nyumba yake ilikuwa bondeni, nje ya ukuta wa mji, yenye kisima na bustani. Aliwapa chumba cha juu na hakuwauliza watakaa mpaka lini. Harub alikuwa akingoja kazi. Mahbuba alijifunza kufunga milango bila kishindo.

Bustani ilikuwa mikononi mwa Bakhita. Bakhita alikuwa mtumwa wa Marhoon, maana Oman utumwa ulikuwa bado haujapigwa marufuku. Alizaliwa katika nyumba hiyo. Mama yake alikuwa mtu wa Mrima, pwani ya bara, kwa hiyo alijua Kiswahili, cha zamani kidogo, na Mahbuba, aliyeshinda kutwa nzima katikati ya Kiarabu cha wanawake wa nyumba, alipenda kushuka bustanini ili akisikie. Bakhita alipalilia vitunguu. Mahbuba alikaa ukingoni mwa mfereji akiondoa majani makavu kwenye rehani na asumini. Katika mazungumzo hayo ndipo alipopata habari za Muhsina, binti wa pekee wa Bakhita. Muhsina alipelekwa Barka miaka mitatu nyuma, zawadi kwa dada yake Marhoon, dada huyo alipohamia nyumba mpya. Huko akaozeshwa, na sasa alikuwa na mimba ya kwanza. Alitarajiwa kujifungua vitunguu vitakapokuwa vinakaribia kung'olewa. Bakhita aliomba ruhusa ya kwenda kumzalisha. Marhoon alimjibu kwa upole kwamba vitunguu havimngoji mtu.

Siku ile ya matope, Mahbuba alipomaliza mchele alishuka.

"Watoto wako wanateremka," Bakhita alimwambia, bila kuacha kazi. "Tangu juzi."

"Nimeona udongo. Nani kawaita?"

"Hakuna aliyewaita. Nnapalilia zangu, hakujapambazuka vizuri, nikaona kuna mkono mwengine kwenye tuta."

"Na kazi wanaijua?"

"Huyo wa kauri mwepesi. Wa mbao mvivu kidogo, lakini ana nguvu."

Alfajiri iliyofuata Mahbuba aliamka mapema, akajifanya amelala. Wanasesere waliteremka kwenye rafu kwa kushikana mikono, wakubwa wakiwapokea wadogo, wakafungua mlango taratibu kama yeye mwenyewe alivyokuwa akifanya. Alikwenda dirishani. Chini waliinama kwenye matuta, mmoja baada ya mwengine, wakang'oa magugu na kuyakusanya. Wawili walishirikiana kubeba ndoo. Bakhita alipita nyuma yao akimrekebisha huyu na yule, na mara kwa mara alimshika mmoja wao begani. Harub naye alikuja dirishani, akatazama, akasema umande ule utaharibu nguo zao.

Baridi ilikuwa inamalizika na joto lilikuwa halijaanza. Mlozi wa uani ulitoa majani mapya. Bakhita alikuwa amewafundisha wanasesere kufungulia maji na kuyafunga, na asubuhi mbili alikaa kando ya kisima, akaona wanaimaliza kazi yote peke yao. Asubuhi ya pili alimngoja Mahbuba.

"Nnakuomba kitu kimoja, bibi," alisema. "Wewe ndo mwenye watoto hawa. Mwambie Bwana kuwa watashika bustani, mie niende Barka nikamzalishe mwanangu, kisha nirudi. Nikimwambia mie, atadhani nnatoroka."

"Ntamwambia."

"Lini?"

"Wiki hii, inshallah."

Jioni ile alimweleza Harub. Harub alikuwa akizipaka mafuta funguo zake zisishike kutu.

"Sema ukitaka," alijibu. "Lakini usisahau tunalala kwa nani."

Wiki ile Marhoon alikuwa na wageni kutoka Nizwa. Iliyofuata aliumwa na meno. Kila Mahbuba alipoonekana mlangoni mwa bustani Bakhita aliinua kichwa, na alipoona hakuna neno akakirudisha chini. Hakukumbusha hata siku moja. Mahbuba akaanza kushuka mara chache, na alipoulizwa na wanawake wenzake kwa nini ameiacha asumini ikauke, alisema mgongo unamsumbua.

Kisha Marhoon akawaona mwenyewe. Alitoka kusali alfajiri, akapitia bustanini na bakora yake, akasimama.

"Wanashika jembe vizuri," alimwambia Bakhita. "Wa nani?"

"Wa Bi Mahbuba, Bwana."

"Mungu awape nguvu."

Adhuhuri haijafika alikwisha amrisha lile eneo la mawe ng'ambo ya mfereji lichimbwe, lipandwe majani ya mifugo ya kuuzwa kwa wenye punda langoni mwa mji. Wanasesere wakaacha kupanda juu asubuhi. Wakawa wanafanya kazi mpaka adhana ya mchana. Kwa kuwa mikono ilikuwa imeongezeka, Marhoon alisema, panahitajika mtu wa kuwasimamia, na mtu huyo ni Bakhita. Sasa hata kuulizia Barka kulikuwa hakuna maana.

Siku chache baadaye Sayyida alirudi chumbani bila vidole viwili vya mkono wa kulia. Yule wa plastiki alikuwa amefutika uso kwa jua. Zilibaki nyusi na kidevu. Mahbuba alikwenda ng'ambo ya mfereji kutafuta vidole baina ya mawe. Alikipata kimoja. Akakaa palepale chini, akalia, jambo ambalo hakulifanya siku aliyoondoka Unguja. Bakhita alikuwa karibu akiinua jiwe kwa mtaimbo. Viganja vyake vilikuwa vimepasuka na amevizungushia matambara. Alingoja Mahbuba amalize kulia.

"Sasa utamwambia?" aliuliza.

"Leo," alisema Mahbuba. "Leo hii, wallahi."

Alimkuta Marhoon barazani, peke yake, baada ya sala ya alasiri. Bakhita alikuwa amesimama mlangoni na dele la kahawa, akingoja kikombe kirudi. Mahbuba alikaa chini, akamlaza Sayyida mkekani katikati yao. Alikuwa ameyapanga maneno yake yote: kwanza vidole, kisha Bakhita.

"Tazama, shemegi," alisema. "Mawe ya kule yamemvunja."

Marhoon alimnyanyua mwanasesere kwa mikono miwili, akaugeuza mkono wake kwenye mwanga. Alikuwa mtu mwenye huruma, na macho yalimlowa.

"Masikini," alisema. "Mimi sikujua kama wanaumia."

"Wanaumia. Na yule wa plastiki jua limemfuta uso."

"Basi nimekosa. Kuanzia kesho watafanya kazi kabla ya jua kutoka, basi. Likitoka wapande juu wapumzike. Na kule kwenye mawe wasende tena. Kule atachimba Bakhita."

Bakhita alipokea kikombe, akakijaza, akakirudisha. Hakumwaga hata tone. Kisha akamtazama Mahbuba, akaendelea kumtazama.

"Una jengine, shemegi?" Marhoon aliuliza, na aliuliza kwa wema, kama mtu aliye tayari kutoa.

Maneno yalikuwa mdomoni. Mahbuba aliyahisi yamekaa juu ya ulimi. Upande wa pili wa ua aliliona dirisha la chumba chao, na Harub ameketi nyuma yake, mchana kweupe, kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Alifikiria jinsi wanawake wa nyumba wangesema kwamba mgeni sasa anapanga watumwa wa wenyeji. Alifikiria sanduku, na njia.

"La," alisema. "Ahsante, shemegi."

Alimchukua Sayyida na kuondoka. Mlangoni ilimbidi apite karibu sana na Bakhita, na Bakhita alisogeza dele upande ili lisimuunguze.

Habari zililetwa mwanzo wa Aprili na dereva wa Landrova iliyotoka Barka na samaki wakavu. Muhsina alishikwa na uchungu, akakaa nao siku mbili, akazaa mtoto wa kike, mzima. Yeye hakupona. Walikwisha mzika. Dereva alisema pia kwamba mpaka mwisho alikuwa akimwita mama yake, lakini hilo Marhoon hakulifikisha, kwa kuona litamuumiza Bakhita bure. Mahbuba alikuwa nyuma ya pazia, akalisikia.

Marhoon alimpa Bakhita mapumziko ya siku nzima. Bakhita alikaa kando ya kisima. Ilikuwa mchana, saa ya wanasesere kupumzika, lakini waliteremka wote na kukaa naye, wamejipanga kwenye kivuli chake, na hakuna aliyewafukuza. Alasiri alikwenda barazani mwenyewe, akaomba apewe mjukuu wake. Marhoon alimfahamisha, kwa sauti ya chini kama inavyotakiwa kwa mtu mwenye msiba, kwamba mtoto ni wa nyumba ya Barka, mama wa kumnyonyesha amepatikana hukohuko, na yeye hawezi kudai cha watu. Bakhita akarudi bustanini kufungulia maji.

Wiki ile ile dada yake Marhoon alileta salamu nyingine. Kwa kuwa Muhsina hayupo, alikuwa amepungukiwa na mikono, naye amesikia sifa za wanasesere. Aliomba apelekewe watatu tu. Marhoon alikuja mpaka mlango wa jikoni kumweleza Mahbuba, maana walikuwa ni wake na hakutaka alisikie kwa mtu mwengine. Bakhita alikuwa nyuma, anapuliza moto.

"Nimemkatalia," alisema Marhoon. "Dada yangu nampenda, lakini nimemwambia hawa wametoka Unguja pamoja, wameshazoeana. Kuwatenganisha ni dhambi."

"Mungu akulipe kheri, shemegi," alisema Mahbuba, kwa kuwa ilibidi aseme kitu.

Nyuma yake Bakhita aliendelea kupuliza mpaka kuni zikashika.

Tangu siku hiyo Bakhita hakusema tena Kiswahili. Mahbuba alipomwamkia aliitikia kwa Kiarabu, kwa adabu, kama alivyowaitikia wanawake wote wa nyumba. Harub alisema atazoea. Mahbuba alimshonea Sayyida glavu ya hariri ya kuficha vidole vilivyokatika, na yule wa plastiki akamchora macho mapya kwa wanja. Macho hayo yalitoka makubwa kidogo kuliko ya mwanzo.

Siku ya kuanza kung'oa vitunguu alishuka pamoja nao. Kulikuwa bado kiza, na kwenye ngazi alimshika Sayyida mkono. Bustanini Bakhita alimwonyesha kila mmoja tuta lake kwa kidole. Ilipofika zamu ya Mahbuba, akamwonyesha na yeye lake. Wanasesere walijisogeza kumpa nafasi. Walifanya kazi, na haukupita muda mgongo ukaanza kumuuma kwelikweli.

"Bakhita," alisema. "Nilitaka kumwambia. Wallahi nilitaka."

Bakhita alimjibu kwa Kiarabu kwamba kitunguu hushikwa chini, karibu na udongo, la sivyo majani hukatika na chenyewe hubaki ardhini.

Mahbuba alishika chini. Aliking'oa kimoja, kisha vingine. Jua likatoka nyuma ya majabali. Wanasesere waliacha kazi palepale kama walivyoamriwa, wakaosha mikono mferejini, wakashika njia ya ngazi, wa mbao mbele na wadogo nyuma. Mahbuba alibaki ameinama. Jua lilimfika shingoni, na lilikuwa kali. Alingoja kidogo zaidi. Kisha aliinuka, akakung'uta nguo, akaosha mikono, akawafuata.

Bakhita akahamia kwenye tuta la Mahbuba, akaanzia pale alipoishia.