Kikombe cha Kwanza

Mama hupika pombe kali ya miwa uani. Kikombe cha kwanza kinachochirizika kwenye mrija hakinywewi, maana ni sumu ya kupofusha macho. Zamani alikimwaga nyuma ya choo, na pale hata magugu hayakuthubutu kuota.

Iliyofuata ilikuwa ya wateja na ya Baba. Baba akishalewa alimgeuza Mama ngoma, mpaka ini lake mwenyewe lilipooza kwa pombe, tukamzika kando ya wazazi wake.

Hata matanga hayajaisha, baba mdogo akajitia uchungu. "Shemeji, kila ukipika, mpelekee kaka kikombe kimoja kaburini. Usimsahau."

"Sawa, shemeji," Mama akajibu.

Nilifura. "Mama! Hata akiwa udongoni tumtumikie?"

"Nyamaza, mwanangu. Chochea moto."

Tangu hapo, kila akipika, Mama hukinga kikombe cha kwanza na kukibeba kwa mikono miwili mpaka kaburini. Baba mdogo anamsifu mtaa mzima: mke ndiye huyu.

Juzi akashangaa. "Shemeji, makaburi ya wazee yamejaa majani. La kaka mbona kipara?"

"Nalipalilia," Mama akasema.