Mpaka Wenye Homa

Asubuhi moja ya mwaka 1988, kule Mukurweini, Watiri alimshika ng'ombe wake pembe huku Daktari Ngatia akimdunga sindano shingoni. Ilikuwa chanjo ya majaribio dhidi ya homa ya kupe. Maabara ilikuwa imechukua protini ya kijidudu cha ugonjwa huo, ikaikata na kuiunda upya ili mwili ukiiona ukasirike maradufu.

“Mama Gatimu, hii inafundisha damu kujua kitu yenye si yake na kuitoa nje,” daktari alisema. “Akizaa, dang'a usipatie ndama. Hiyo maziwa ya kwanza iko na kinga yote, na tunataka kupima ndama bila kinga. Mwaga tu.”

Ng'ombe alizaa. Watiri hakumwaga dang'a ovyo, kwani maziwa ya kwanza si maji ya kuoshea sufuria. Alipoenda kuteka maji aliibeba dang'a hiyo, akayanywesha maua ya itoka ambayo baba mkwe wake alikuwa ameyapanda kuonyesha mpaka. Maua hayo sasa yalikuwa ndani ya seng'enge ya Chifu Hezekiah, pamoja na chemchemi. Hezekiah aliisogeza seng'enge wakati ardhi ilipogawanywa enzi za mkoloni, mumewe Watiri akiwa kizuizini. Mume alirudi, akadai shamba lake, akafa akidai. Watiri alibaki kuteka maji kwa ruhusa, na kila alipoinama na mtungi alimchukia Hezekiah upya.

Asubuhi iliyofuata nguzo zote za seng'enge zilikuwa zimelala. Udongo kuzunguka kila shimo ulikuwa umevimba, wa moto, ukitoa usaha mwepesi. Hezekiah alizisimika tena, na usiku ardhi ikazisukuma nje kama kidole kinavyosukuma mwiba. Alipokanyaga, udongo ulivimba chini ya viatu vyake. Watiri alipita hapo pekupeku na kuuona baridi.

“Hii shamba iko na homa,” Hezekiah alisema, akamwita daktari.

Ngatia alichomeka kipimajoto cha ng'ombe ardhini, akasubiri, akasoma, akafurahi.

“Hata ng'ombe mwenyewe hakupata kinga namna hii.”

“Si basi imejionyesha ni ya nani?” Watiri aliuliza.

“Mimi ni wa mifugo, mama.”

Afisa wa ardhi alikuja kutoka Nyeri. Aliona kwamba uvimbe uliishia pale pale kwenye itoka, akasifu jinsi mstari ulivyonyooka.

“Lakini ramani ilishafungwa,” alimwambia Watiri. “Mchanga haiwezi kushtaki Chifu.”

Kisha akaenda kunywa chai kwa Hezekiah. Wiki hiyo ndama aliyenyimwa dang'a alikufa kwa homa ya kupe, na daktari akaja kumchukua ini.

Hezekiah alichoka kusimika nguzo kila siku, akatafuta mtu wa kumfanyia. Alimwajiri Gatimu, mwana wa Watiri, ambaye hakuwa amepata kazi tangu kiwanda cha kahawa kimwachishe. Watiri hakumkataza, kwa sababu nyumbani hapakuwa na kitu.

Siku ya kwanza alimpelekea chai. Alimkuta akisukumana na nguzo ya pembeni, udongo ukiitema kila alipoushindilia.

“Mami, nishikie hapa kidogo,” Gatimu alisema.

Watiri aliweka kikombe chini, akaishika nguzo kwa mikono miwili, akaikazania isimame wima hadi mwanawe alipomaliza.