Balbu Ishirini na Kichwa Nusu

Boksi lilipofika, mama mkwe ndiye aliyelipokea mlangoni. Alilipima uzito kwa mikono miwili, akauliza kwa sauti iliyofika mpaka jikoni, "Mkwe wangu, umeagiza tofali?"

"Si tofali, Mama. Ni pawasaplai."

"Ya nini?"

"Ya kuzilisha umeme kompyuta za kuchezea magemu."

Mama mkwe aliguna. Alikuwa fundi waya wa magari kwa miaka thelathini na minne kabla hajastaafu na kuhamia kwa mwanawe, na kwake yeye mashine isiyompeleka mtu mahali haikuwa mashine. Aliliweka boksi mezani, akajifuta mikono.

Mkwe wake alikuwa fundi wa kompyuta. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa karakana yake, na mtaa mzima ulimwita Fundi, hata mumewe akijisahau. Alisifika zaidi kwa kupima vifaa. Watu walimletea kifaa kipya kabla hawajakinunua kwa wingi, naye alikibana mpaka kiseme ukweli, kisha akaandika ripoti. Safari hii aliyemtuma alikuwa mwenye ukumbi wa magemu wa mtaa wa pili. Pawasaplai zake za zamani zilizoea kukata moto mchezo unapokolea, na wachezaji walikuwa wameshavunja kibodi tatu kwa hasira. Jumamosi alikuwa na mashindano. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Boksi lilijisifu bila haya. Wati elfu moja na mia moja! Na ikibebeshwa nusu ya mzigo wake, katika kila wati mia inazovuta ukutani, tisini na nne zinafika kwenye kompyuta na sita tu ndizo zinazopotea kwa joto.

"Hayo ni maneno ya boksi," Fundi alisema. "Nataka kuyasikia kwa pawasaplai yenyewe."

Tatizo ni kwamba mashine yake ya kupimia, ile inayojifanya kompyuta yenye njaa ili pawasaplai ifanye kazi kweli, ilikuwa imekufa tangu Jumatatu. Mjusi aliingia ndani kutafuta joto, akalipata lote kwa mkupuo mmoja. Fundi alikaa akiitazama pawasaplai, pawasaplai nayo ikimtazama.

"Hiyo inatoa volti ngapi?" mama mkwe aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

"Kumi na mbili, Mama."

Mama mkwe aliacha kuchambua mchele. "Kumi na mbili? Kama gari?"

"Kama gari."

"Sasa unalia nini?"

Aliinuka, akaingia chumbani kwake, akavuta kutoka uvunguni sanduku la mbao ambalo mwanawe alikuwa amemsihi mara nyingi alitupe. Ndani mlikuwa na balbu za taa za mbele za magari, kila moja imefungwa kwenye gazeti, pamoja na swichi, waya nene na koleo.

"Kila moja inakula wati hamsini na tano," alisema. "Piga hesabu wewe msomi."

Fundi alipiga. Balbu ishirini zilitosha kumaliza wati zote elfu moja na mia moja. Alimtazama mama mkwe wake kwa macho ambayo hakuwahi kumtazama nayo tangu harusi.

Walifanya kazi mchana kutwa. Mama mkwe alizipanga balbu kwenye ubao mrefu, kila moja na swichi yake, akiamuru: "Shika hapa. Si hapo, hapa! Nyinyi wa kompyuta mna vidole vya kuandikia barua." Fundi alishika alipoambiwa. Saa tisa alasiri aliichomeka pawasaplai kwenye mita ya ukutani ya kupimia wati, wakavaa miwani ya jua, na kwa pupa akafungua swichi zote kwa mpigo.

Tak! Ikazima. Hakuna hata balbu moja iliyowaka.

"Tumeiua," Fundi alinong'ona.

"Hujaua kitu. Imejikinga," mama mkwe alisema. "Balbu baridi ina kiu ya ajabu. Umeiletea ishirini zenye kiu kwa pamoja, wewe ungekubali? Washa moja moja."

Fundi aliiwasha upya, akaanza na moja. Ikakubali. Mbili, tatu, nne. Zilipofika kumi, chumba kilikuwa cheupe pee na mapazia yalionekana jinsi yalivyo machafu. Mita ya ukutani ilisoma wati mia tano themanini na tano. Balbu zilikuwa zinakula mia tano hamsini. Fundi alipiga hesabu mara mbili, akapiga meza.

"Tisini na nne! Mama, boksi halikudanganya!"

"Lakini feni yake haizunguki," mama mkwe alisema, akiichungulia kwa karibu. "Imeungua feni."

"Haijaungua. Ikiwa haijachoka, haizungushi. Inaokoa kelele."

"Mvivu huyo. Nimewahi kuwa na kibarua wa hivyo."

Hapo ndipo mlango ulipogongwa. Alikuwa kinyozi wa kibanda cha jirani, ambacho hakina dirisha, na balbu yake ilikuwa imeungua katikati ya kazi. Nyuma yake alisimama mteja aliyevikwa shuka la nailoni shingoni, upande wa kulia wa kichwa umenyolewa, wa kushoto bado ni msitu. Alikuwa mwenye ukumbi wa magemu.

"Fundi, tumeona mwanga unatoka chini ya mlango," kinyozi alisema. "Tunaomba dakika kumi tu. Mashine yangu ni ya betri."

"Na mimi nitajionea jaribio mwenyewe," mwenye ukumbi aliongeza, akikaa mbele ya ubao kabla hajakaribishwa.

Fundi hakupenda, ila mtu hawezi kumfukuza mteja wake akiwa na kichwa nusu. Akaendelea. Kumi na moja, kumi na mbili. Kinyozi akinyoa. Kwenye ya kumi na nne feni ya pawasaplai iliamka, ikaanza kuzunguka polepole, na nywele zilizokuwa zikipeperuka chumbani zikageuza safari zote kuelekea huko.

"Acha kunyoa!" Fundi alipiga kelele. "Inakula nywele!"

"Nimebakiza hapa sikioni tu!"

"Acha!"

Mwenye ukumbi aliinama mbele ili aone nywele zake zinakoenda. Wakati huohuo Fundi, aliyekuwa akiendelea kuwasha moja moja, aliwasha ya ishirini, na moshi ukafuka. Harufu kali ikajaa chumba.

"Inaungua!" mwenye ukumbi aliruka. "Nilijua! Siitaki! Hata ikiwa ya bure siitaki!"

Fundi aliweka kiganja juu ya pawasaplai, akitarajia kuungua. Ilikuwa na uvuguvugu tu. Mita ilisoma wati elfu moja mia moja tisini na sita, na volti zilikuwa kumi na mbili kasoro kidogo sana, zimetulia tuli. Sasa moshi ulitoka wapi?

"Wewe baba," mama mkwe alisema kwa upole, "ni wewe unayeungua."

Pindo la shuka la nailoni lilikuwa limelalia balbu. Mama mkwe alilinyakua, akalitupa chini na kulikanyaga kwa kandambili zote mbili. Kila mtu alimtazama mwenzake: kinyozi na mashine inayolia mkononi, mwenye ukumbi na kishungi kimoja juu ya sikio la kushoto. Fundi ndiye aliyeanza kucheka, mama mkwe akafuata mpaka akashika ubavu, na mwenye ukumbi hakuwa na la kufanya ila kujiunga.

Ripoti iliandikwa jioni hiyo mezani, mama mkwe akisahihisha. Ilisema kwamba pawasaplai ni imara, haipotezi umeme ovyo, inajikinga ikionewa. Ilisema pia kwamba nyaya zake ni ngumu mno kukunja na feni yake haina chujio, "jambo lililothibitika kwa nywele za mteja, ambazo hazikuizuia kufanya kazi." Chini kulikuwa na majina mawili ya kazi: fundi wa kompyuta, na fundi waya.

Mwenye ukumbi aliagiza kumi na mbili, na Ijumaa nzima wanawake hao wawili walizifunga pamoja wakibishana kwa raha.

Jumamosi kompyuta hazikuzima hata mara moja. Mshiriki mmoja wa mchezo wa mbio za magari alipokosa kutokea, mama mkwe alikalishwa kwenye kiti chake. Alisimama kwenye kila taa nyekundu, akaonyesha ishara kila kona, na akamaliza wa mwisho, ameachwa nyuma dakika kumi na tisa. Kisha akamgeukia mkwe wake, uso ukimng'aa, akauliza, "Mwanangu, boneti ya hili gari inafunguliwa wapi?"