Kiti cha Baba Joy

"Futi kumi na mbili," Celina alisema, wala hakupepesa jicho.

Kasim, mwenye duka la televisheni pale Runyenjes, aliacha kufuta vumbi akamtazama. Miaka kumi na minane alikuwa akiwauzia watu wa milima hii, na nyumba zao alizijua kwa ndani. Sebule ya futi kumi na mbili labda ya mwalimu mkuu.

"Kutoka kiti mpaka ukuta, Mama Joy? Si kutoka mlangoni?"

"Kutoka kiti."

"Nauliza kwa sababu hii ni inchi hamsini na tano. Ukikaa karibu nayo huoni picha, unaona vipande. Shingo inauma, macho yanauma. Kama ni futi sita hivi, chukua ile ya thelathini na mbili."

"Kasim, nimekuja kununua ama kuhubiriwa?"

Basi, mwenye duka afanye nini? Alisema ataileta mwenyewe Jumamosi asubuhi aitundike.

Huyu Celina hakuwa mwongo, tuelewane. Kanisani alikuwa mwenyekiti wa kina mama, na mwaka jana alimwaibisha jirani hadharani kwa kutia njugu mbovu chini ya gunia la makadamia. Lakini mtu akibanwa hachagui pa kupenya. Mumewe, Njagi, alikuwa anapofuka, na binti yao Joyline alikuwa anasoma habari kwenye televisheni kwa mara ya kwanza, Jumamosi saa saba mchana, katika stesheni ya Kiembu. Njagi alikuwa amekwisha kuwatangazia wazee wenzake. "Nitamwona," alisema, "mimi mwenyewe."

Daktari wa macho kule mjini Embu alikuwa amemwambia Celina ukweli wote, Njagi akiwa nje kwenye benchi. Ni presha ya macho, alisema. Imekula pembeni zote, kimebaki kidogo cha katikati, ni kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Dawa ya matone italinda kilichobaki kwa muda, kilichokwenda hakirudi. Akauliza mbona walichelewa hivyo. Mwaka wa kwanza walidhani ni uzee, wa pili walinunua miwani sokoni.

"Na hicho kidogo kitakaa mpaka lini?" aliuliza.

"Mwisho wa mwaka, labda. Sitaki kukudanganya."

Katika maneno yote hayo, lililomng'ang'ania Celina ni "kidogo". Kama mtu ameachiwa macho kidogo, dawa si kumwekea kitu kikubwa? Alilala na wazo hilo, akaamka nalo, na pesa za makadamia zote zikaenda huko.

Jumamosi saa nne Kasim alifika na pikapu. Alisalimia, akavua viatu, akatoa tepu yake kabla hata ya kuonja chai. Sebule nzima ilikuwa futi tisa. Kiti cha Njagi kilikuwa futi tatu kutoka ukutani.

Kasim alikunja tepu. Aliangalia sakafu. Ilikuwa ya saruji nyekundu, inayopakwa nta kila wiki, na miguu ya kile kiti kizito cha mbao ilikuwa imeacha alama zake: nne nyuma kabisa karibu na mlango, za miaka mingi, zimezama, kisha nne nyingine mbele kidogo, kisha nyingine, na nyingine, mpaka hapo kilipokuwa sasa. Mtu yeyote angezisoma. Celina alikuwa akipiga deki juu yake miaka miwili, na alizisoma zote.

Kiti kilikuwa cha baba yake Njagi. Hakuna mwingine aliyekikalia, hata mgeni, hata askofu alipokuja kula. Mwenyewe tu ndiye aliyekisogeza, na Celina alipodeki alizunguka miguu yake kama anavyozunguka mwamba shambani.

"Karibu, Kasim," Njagi alisema kutoka kitini, akitazama pembeni kidogo ya mahali Kasim aliposimama. Kwa miaka thelathini na moja huyu mzee alisoma mizani ya kiwanda cha kahawa, na hakuna mkulima aliyewahi kusema kadanganywa hata gramu. "Ifunge vizuri. Leo tuko na mtangazaji."

Ilipotundikwa ilijaza ukuta. Picha ya Joyline ya kuhitimu, ile ya kofia, ilibidi iteremshwe. Kasim akawasha. Mwanamke fulani alikuwa anatangaza sabuni, uso wake mkubwa kuliko dirisha la nyumba hiyo.

"Haya, Baba Joy," Celina alisema. "Unaona nini?"

Njagi aligeuza kichwa kushoto, akakigeuza kulia, akakiinua, kama mtu anayetafuta sindano sakafuni.

"Naona jino," alisema.

"Jino?"

"Na sasa naona nyekundu. Sijui ni nguo ama ni mdomo." Kisha akasema polepole, "Ile ndogo ya zamani ilikuwa afadhali."

Celina alimgeukia Kasim. "Ongeza mwangaza."

Kasim akaongeza.

"Ongeza tena."

"Umefika mwisho, mama."

"Kuna ingine kubwa kuliko hii? Nyinyi hamna kubwa zaidi? Hata Meru?" Alikuwa amemshika Kasim mkono wa shati, na hakujua amemshika. Kasim alimwona vile alivyokuwa kweli, mama aliyenunua macho dukani na kufika nyumbani akakuta si macho.

"Mama Joy," alisema kwa upole, "hebu niambie. Daktari alisema nini? Neno kwa neno."

Celina alimtazama mumewe. Miezi mitatu alikuwa amelificha lile neno.

"Sema tu," Njagi alisema. "Kwani mimi sijui?"

"Alisema ni kama kuchungulia ndani ya bomba."

Kasim aliinama kwenye katoni, akachukua ile karatasi ngumu ya maelezo, akaiviringisha ikawa nyembamba kama filimbi. Akampa Celina. "Funga jicho moja. Simama hapa karibu na mzee, uangalie."

Celina aliangalia. Aliona jino. Aliona kipande cha shavu kisichojulikana ni cha nani.

"Sasa rudi nyuma. Usiiondoe. Rudi."

Alirudi, akapita meza, mgongo ukagonga fremu ya mlango. Mle ndani ya karatasi mdomo ukapata pua, pua ikapata macho. Akavuka kizingiti, akatoka uani, na uso mzima wa yule mwanamke ukaingia, na nywele zake.

Celina alisimama jua kali likimpiga utosini. Miaka miwili mzee alikuwa akisogea mbele, na kila hatua ilimnyima zaidi, na yeye alikuwa akipaka nta juu ya alama na kunyamaza. Alitaka kulia lakini ilikuwa saa saba kasoro dakika ishirini.

Aliingia. "Inuka, Baba Joy."

"Kwa nini?"

"Inuka."

Njagi aliinuka. Celina akakishika kile kiti kwa mikono miwili, akakiinua mwenyewe, akakipitisha mlangoni kikikwaruza, akakiweka uani karibu na kamba ya nguo. Kasim alifunga pazia zote ili ndani kuwe giza. Jirani alipita na majani ya ng'ombe kichwani akapunguza mwendo. Celina alimtazama, na jirani akakumbuka safari yake.

"Nyuma kidogo," Njagi alisema akiwa ameketi. "Tena kidogo. Hapo."

Saa saba. Muziki wa habari ukapiga, na Joyline akatokea, ameshika karatasi ambazo hakuzihitaji.

Njagi hakugeuza kichwa popote. Mikono yake ilikuwa imetulia magotini. Alisikiliza habari ya barabara, na ya bei ya maziwa, kama mtu asiyetaka kumwaga kitu.

"Amekonda," alisema mwishowe. "Hali vizuri huko." Machozi yalikuwa yakimshuka, hakuyafuta, na Celina alielewa kwamba aliogopa kuinua mkono.

Dakika kumi zikaisha. Likaja tangazo la mbegu. Kasim, ndani, alianza kukusanya vifaa vyake taratibu.

"Celina," Njagi alisema. Jina lake hasa hakulitumia tangu Joyline azaliwe. "Nenda usimame pale."

"Pale wapi?"

"Ukutani, kando ya hiyo televisheni. Wewe kila siku uko karibu sana."

Aliingia ndani. Alisimama kando ya kioo, nguo ya kazini, kitambaa kimelegea kichwani, na mwanga wa tangazo la mbegu ukawa unamgeuza rangi upande mmoja. Alikaza kitambaa. Hakujua mikono aiweke wapi.

"Sogea kushoto kidogo," sauti ilisema kutoka uani. "Hapo. Usiondoke hapo."