Friji ya Pombe ya Asali

Kandie alizikwa Kapedo upesi upesi, Agosti ya 2012, kwa sababu watu walihofu kwamba wezi wa mifugo waliomuua wangerudi. Baada ya mazishi dada yake, Chepchumba, alimchukua baba yao akaenda kuishi naye Lodwar, katika nyumba aliyopanga Nawoitorong. Jumatatu akarudi kazini, ofisi ya maji. Hakulia. Alingoja kilio kije, hakikuja, akaacha kukingoja.

Mzee naye alikaa kwenye kiti cha plastiki barazani. Akipewa chakula, alikula. Akiambiwa akaoge, alioga. Jioni moja akasema bila kuulizwa:

"Sikumuaga Kandie."

"Ulikuwepo, Baba. Ulitupa udongo."

"Bila pombe ya asali? Huko si kuaga."

Kwao milimani, Kabartonjo, mzee humwaga pombe ya asali kidogo chini, akamwita marehemu kwa jina, akamwachilia aende. Kuitengeneza ilikuwa kazi ya wanaume. Mwanamume aliyekuwepo Lodwar ni huyu wa kitini tu, na mikono yake ilitetemeka.

Chepchumba alitafuta asali na matunda makavu ya mwegea, yale yanayoitia chachu, akayachanganya na maji kwenye ndoo, akaiweka jikoni. Lakini Kabartonjo kuna baridi. Lodwar hata ukuta huwa moto. Ndoo ilifurika povu, kisha ikanuka siki. Alipompelekea baba yake kikombe, mzee alinusa tu, akakiweka chini.

"Joto limeiharibu."

"Nitatengeneza nyingine," Chepchumba alisema, kama mtu anayesema atanunua chumvi.

Ereng, fundi wa friji pale mjini, alimwambia kwamba Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, kuna mama Mkongomani anayeuza friji kuukuu, maana ameitwa kwenda Australia na watoto wake. Wakaenda kwa pikapu ya Ereng. Yule mama alifungua mlango wa friji, ndani barafu imejaa hadi kwenye rafu.

"Frigo hii iko naleta baridi mingi, dada. Haijue kuacha. Maziwa inakuwa mawe."

Ereng aliinama nyuma yake akasikiliza mota. "Hii si mgonjwa," alisema. "Ni kichwa yake tu imekufa."

Walipoifikisha nyumbani, Chepchumba alimweleza anachotaka: pombe isipate joto la Lodwar, lakini pia isigande, kwa kuwa chachu ikipigwa na baridi kali hulala. Alitaka ubaridi wa Kabartonjo, basi. Ereng akaenda kufikiri. Kesho yake alirudi na kichwa kipya, thamostati iliyotolewa kwenye mashine ya kuangulia vifaranga. Kule ilikuwa ikiwasha taa joto likipungua. Ereng akageuza nyaya ili iwashe friji joto likizidi, na kuizima likishuka. Akatoboa mpira wa mlango, akapitisha waya wa kupimia joto, akaubandika kwa tepu ubavuni mwa ndoo ya pombe mpya.

"Hewa ya ndani inadanganya," alisema. "Tupime pombe yenyewe. Ni ya harusi, dada?"

"Ni ya baba."

Umeme wa Lodwar ulikatika mara kwa mara, kwa hiyo Chepchumba aliizungushia ndoo chupa za maji ili ubaridi usitoroke. Na mzee akahama barazani. Alivuta kiti hadi jikoni, na mota ilipozima alifungua mlango, akaweka sikio juu ya mfuniko wa ndoo.

"Inaongea polepole," alisema. "Sasa ndiyo yenyewe."

Jirani yao, Awoi, alichungulia dirishani akamwona mzee ameingiza kichwa ndani ya friji. "Baba anaumwa?" akauliza.

"Anasikiliza," Chepchumba alijibu, akaendelea kukata mboga za sukuma.

Pombe ilipoiva, mzee alivaa koti lake na joto lote lile. Alisimama mlangoni, akaelekeza uso kusini, upande wa Kapedo, akamwaga kidogo mchangani.

"Kandie. Nenda, mwanangu. Tumekuachilia."

Akanywa, kisha akamnyooshea binti yake kikombe.

"Mimi pia, Baba?"

"Si wewe uliyeitengeneza? Muage ndugu yako."

Chepchumba alikunywa. Ilikuwa tamu kidogo, kali kidogo, baridi. Aliihisi ikishuka hadi tumboni, akasubiri. Hakuna kitu. "Kwaheri, Kandie," alisema, kwa sababu baba yake alikuwa akimtazama.

Tangu hapo mzee alianza kutembea hadi sokoni na kugombana na wauza tumbaku. Januari, mdogo wake mzee alikuja kumchukua, wakaenda Kabartonjo. Chepchumba aliwasindikiza hadi stendi, kisha akaenda kazini. Mkubwa wake, Mureithi, alimuuliza mbona amechelewa.

"Nilikuwa namsindikiza baba. Amekuwa kwangu tangu kaka yangu afe."

Mureithi aliweka kalamu chini. "Kaka yako alikufa? Lini?"

"Agosti."

"Agosti! Na hukutuambia?"

Chepchumba alifungua kinywa amjibu. Watu waliokuja kulipia maji walikuwa wamepanga foleni mbele yake, wote wanatazama. Akashika ukingo wa meza, na Mureithi akawahi kumvutia kiti. Alikaa. Machozi hayakuwa mengi, lakini yalikuwa yake, na hakuyafuta.