Habari Niliyoiandika Mwenyewe

Mimi Ndinda si mtu wa kudanganywa katika mambo ya gemu. Waulize wenzangu chuoni. Kundi letu la wasap lina watu mia mbili na kumi, na kila asubuhi kabla ya chai mimi ndiye ninayewaandikia habari: kampuni gani imepandisha bei, memori imekuwa ghali kwa nini, mashine ipi mpya imetoka bila tundu la diski. Nikikasirika naandika hivyo hivyo nimekasirika. Mashine isiyo na tundu la diski ni wizi, niliandika na nitaandika tena. Sisi tunaazimana diski kama chumvi. Ukiniondolea tundu umenifungia mlango wa jirani.

Na mashine yenyewe si yangu peke yangu. Tuko watatu: mimi, Lennox tuliyekaa naye dawati moja tangu mwaka wa kwanza, na Ummukulthum, ambaye baba yake ana duka la kanga Biashara Street. Tulinunua moja iliyokwisha tumika, tukaifanya upatu kama mama zetu wanavyofanya wa pesa. Kila mtu wiki moja. Jumanne saa kumi tunakabidhiana pale dukani, mashine imefungwa kanga. Sheria ni ile ile ya akina mama: waweza kuachia zamu yako, lakini ukishaiachia mbele ya wenzako huirudii.

Aliyenifundisha kushika pedi ya kuchezea gemu ni kaka yangu Kyalo. Gemu moja tunaipenda kuliko zote. Sehemu ya kwanza na ya pili tulizimaliza pamoja, tumekaa sakafuni kwa Mama. Ya tatu tumeingoja miaka sita. Ilipangwa kutoka Jumatano, ndani ya wiki yangu, na siku hiyo hiyo Kyalo alikuwa anafika kwangu Mji wa Kale, akae mpaka Jumamosi, kisha aende Doha kulinda hoteli miaka miwili. Yeye hana habari na mitandao. Mambo ya gemu huyapata kwangu tu. Diski tulishaiagiza, na kazi ya kuichukua ilikuwa ya Lennox. Nilimwambia Lennox, na hakuna mwingine niliyemwambia, kwa nini naitaka sana wiki hiyo.

Jumatatu nikitoka kwenye mtihani, Lennox akanitumia picha ya skrini: tangazo la kampuni, nembo yao, maneno yao ya kuomba radhi, gemu imesogezwa mbele miezi mitatu. Nilikaa kwenye ngazi. Walishaiahirisha mara mbili huko nyuma, kwa hiyo sikushangaa, niliumia tu. Akanipigia simu, akasema watu wanangoja neno langu, kwamba habari isipotoka kwa Ndinda bado si habari. Kilemba cha ukoka, nami nikakivaa. Niliandika pale pale bila kufungua ukurasa wa kampuni, nikawatukana aya nzima.

Halafu akaniuliza, kwa upole kabisa, kama gemu haipo wiki hii naitakia nini mashine? Nimwachie, nami nichukue wiki yake. Nikaona ana haki. Jumanne nikasema mbele ya Ummukulthum kwamba naachia, Lennox akaibeba.

Kyalo akafika, nikampa habari mbaya, akasema basi, tutacheza karata. Sikuishika simu siku nzima. Alhamisi asubuhi Ummukulthum akanipigia, akaniuliza kama nimeona video ya Lennox. Nikaifungua. Lennox na diski mkononi, anajisifu kuwa wa kwanza Mombasa. Kumbe gemu ilitoka Jumatano kama ilivyopangwa. Lile tangazo lilikuwa la mwaka juzi, tarehe imekatwa. Kundini watu walikuwa wameshanicheka mpaka wamechoka.

Nilikwenda Liwatoni kwa miguu, kwa mjomba wake Lennox, anakokaa. Njia nzima nilikuwa najipangia matusi. Alipofungua mlango akiwa na pedi mkononi, matusi yote yalinitoka kichwani nikaanza kumwomba, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilimwomba Ijumaa moja tu. Akasema ana video ya pili, watu elfu tatu wanaingoja, na mimi si nitaipata Jumanne, gemu haikimbii. Nikamwambia amenidanganya.

"Mimi nilikutumia picha tu," alisema. "Aliyeandika ni wewe, Ndinda."

Lennox huyu! Krismasi alikula kwetu, Mama akamtilia paja la kuku mimi nikala shingo. Kanichezea shere mbele ya watu mia mbili na kumi, na hata hakuwa na haya ya kunitazama usoni. Nilimpigia Ummukulthum. Alikasirika kuliko mimi, lakini akaniambia taratibu kwamba niliachia yeye akisikia, na tukiivunja sheria leo basi upatu umekufa.

Niliporudi Kyalo alikuwa anapanga sanduku. Akaniuliza kama ni kweli wameahirisha, au huenda wakabadili mawazo kabla hajaondoka. Nikasema ni kweli. Ningeweza kumwambia yote. Lakini ningelazimika kumwambia pia kwamba uongo ule niliutangaza mimi, na wiki yetu niliitoa kwa mdomo wangu. Niliona aibu, nikachanganya karata.

Jumamosi asubuhi nilimsindikiza Mwembe Tayari kupanda basi la Nairobi, huko ndiko atakakopandia ndege. Aliingiza sanduku chini ya basi, akafuta mikono kwenye suruali.

"Hao jamaa hawana utu," alisema. "Wangeitoa wiki hii wangepungukiwa na nini?"

Nikasema hawana utu.

"Ikitoka usiianze peke yako, Ndi. Ningoje."

"Nitakungoja."

Akapanda, akapata kiti cha dirishani, akanipungia mkono. Basi liliondoka saa tatu kasorobo, na gemu ilikuwa ina siku ya nne tangu itoke.